Tochi ya Kuona Ndani ya Yai

Asubuhi ya siku ya kumi Nzilani alifungua mlango wa mashine ya kuangulia vifaranga, akanusa, akaufunga. Akakaa kidogo, akaufungua tena. Haikuwa harufu kali. Ilikuwa kama ya kitambaa cha vyombo kilicholala na maji. Lakini aliijua. Kati ya yale mayai themanini na manne, kuna moja lilikuwa limeoza, na yai bovu likiachwa kwenye joto hujaa hewa mpaka linapasuka na kuharibu wenzake.

Mara ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Mayai sitini ya akina mama wa kanisa yakatoa vifaranga vinne. Hakuna aliyemlaumu. Jumapili walimsalimia kwa mikono miwili kama kawaida, na upole huo ndio uliomuuma. Kisha, Mungu awabariki, wakamletea mengine, kila mama ameandika alama yake kwa penseli kwenye ganda. Mutindi, jirani yake mjane mwenye kuku wawili tu, alileta sita. "Shika, Mama Yvonne," alimwambia. "Jaribu tena." Nzilani alijua kwamba hata watu wa Mungu hawawezi kuombwa mara ya tatu.

Yai la kuangulia hupimwa kwa mwanga. Unaingia gizani, unaweka tochi kwenye upande mnene, na kama kuna uhai utaona mishipa myekundu kama mizizi ya nyasi. Lililokufa utaliona pia. Shida ilikuwa tochi. Ile aliyoinunua katika soko la Kwa Vonza ilikuwa na balbu kumi na mbili, naye alidhani balbu nyingi ndio mwanga mwingi. Ilimulika ukuta, ikamulika vidole, ikamulika macho yake mwenyewe, lakini ganda la yai la kienyeji lilibaki jeusi kama jiwe. Baada ya wiki mbili ikakataa kuwaka kabisa. Taa ya simu yake ndogo haikusaidia kitu.

Yvonne, bintiye anayefanya kazi Malili, alimwambia kwa simu asijisumbue, ataagiza tochi nzuri kwa mtandao, ifike Jumanne.

"Mwanangu," Nzilani akasema, "hili yai halijui Jumanne."

Aliomba akiwa amesimama, mkono juu ya mashine. Kisha akatoa yai moja lenye alama yake mwenyewe, kwa sababu asingeweza kutembeza la mtu mwingine barabarani. Akalifunga kwa kitambaa cha sufu, akalitia kifuani lipate joto la mwili, akamwachia Mutindi kazi ya kuangalia kipimajoto, akashika njia ya Migwani kwa miguu, polepole, kama mama mwenye mimba.

Duka la kwanza lilikuwa la Musyoka, ambako tochi zimening'inizwa kama ndizi. Musyoka alimsifia moja ndefu ya rangi ya dhahabu, akasema hiyo ukiwasha hapa mtu aliye mji wa Mwingi anafunga macho. Nzilani akaomba kuijaribu. Musyoka akasema ukifungua karatasi umenunua.

"Basi sifungui," akasema Nzilani, "lakini sitoki pia. Nitasubiri mpaka upate moyo."

Wateja wakaanza kupanga foleni nyuma yake. Musyoka akafungua, akatia mawe ya betri, akamkabidhi. Nzilani akageukia ukuta, akaingiza mkono kifuani, akatoa yai. Duka zima likaangua kicheko.

"Mama, hapa hatuuzi chapati za mayai," mmoja akasema. "Ama unataka kulichemsha na hiyo tochi?"

Nzilani alijifunika kichwa kwa leso, yeye na yai na tochi, akatazama. Kila yai, zima au bovu, lina nafasi ya hewa pale upande mnene, na tochi isiyoweza kuonyesha hata hiyo haiwezi kuonyesha chochote. Hakuiona. Akajifunua, akarudisha tochi, akamshukuru Musyoka, akaenda zake.

Kwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu, alipata tochi ya kuchaji iliyotoa mwanga mkali kweli. Nafasi ya hewa aliiona, akataka kufurahi. Lakini ile tochi ya Kwa Vonza ilikuwa imemfundisha. Akaiweka kaunta ikiwaka, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa beti tano. Kijana wa kaunta alimuuliza kama anangojea mtu. Akasema hapana, anangojea tochi. Kufika ubeti wa tatu mwanga ulikuwa umegeuka manjano. Ubeti wa nne aliuimbia mlangoni akitoka.

Jua lilikuwa limepanda. Yai lilikuwa bado na joto, alilipapasa kila baada ya hatua chache. Aliingia maduka mengine matatu. Moja lilikuwa na tochi zilizoandikwa maneno makubwa na ndani hakuna kitu. La pili walimwambia arudi kesho. La tatu walimfukuza kwa adabu. Miguu ilitaka kurudi nyumbani, yeye akaikatalia.

Mwisho alifika kwa Gabow, mwenye duka la kamba, ndoo na dawa za mifugo. Alipoeleza shida yake, Gabow hakucheka. Aliuliza yai lina siku ngapi.

"Kumi."

"Hizi za balbu nyingi wewe wacha, mama. Hizo watu wanapenda kwa macho." Akainama chini ya kaunta, akatoa tochi fupi nyeusi, nzito, yenye balbu moja na mdomo mwembamba. "Hii wananunua watu wa ng'ombe. Inapiga mahali moja tu. Siiweki juu kwa sababu hakuna mtu anaiuliza, iko sura mbaya."

Mkewe, Qamar, alimwongoza stoo, akashusha pazia zito mlangoni. Nzilani akaimba beti zake zote tano, na Qamar akasubiri naye bila kuuliza. Mwanga haukubadilika. Ndipo akaweka yai juu ya mdomo wa tochi, akaziba pembeni kwa vidole.

Ganda likawaka kama kaa. Nafasi ya hewa ilikuwa pale. Chini yake mizizi myekundu ilikuwa imesambaa kote, na katikati doa jeusi, na lile doa likaruka.

"Subhanallah," Qamar akanong'ona.

"Asante Yesu," akasema Nzilani, na wanawake wale wawili wakabaki wameinama hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Nyumbani alitundika mablanketi madirishani. Mutindi alipokea na kupanga, Nzilani alimulika. Zima. Zima. Hili halikutungwa kifaranga, weka kando. Zima. Yai la arobaini na tatu halikuwaka. Lilikuwa jeusi lote, uji ukicheza ndani, na tone la jasho limetoka kwenye ganda. Nzilani akaacha kupumua. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka nje, hatua kwa hatua, akalishusha kwenye shimo la taka na kulifunika kwa udongo kama mtu anayelaza mtoto.

Aliporudi, Mutindi alikuwa ameshika mdomo. Alikuwa ameiona alama. "Ni langu," akasema. "Kuku wangu ameniaibisha mbele ya kanisa."

"Kuku wako ana mengine matano humu," Nzilani akamjibu. "Funga mlango huo, mwanga unaingia. Bado arobaini na moja."