Barafu ya Sib

Nilitoka Maskati kufuata mwisho wa hadithi. Dada yangu Zuwena alikuwa mgonjwa wa kifua tangu tuhame Unguja, na kila siku aliuliza jambo moja: yule mtafuta dhahabu alifika kwao? Mjomba Nasri, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyetusomea kitabu kile cha Mmarekani, akikigeuza Kiswahili palepale. Tulihama hajakimaliza. Sasa alikuwa Sib, mji mdogo wa pwani, na hajaja kutuona hata mara moja.

Asubuhi mama alinifungia chapati. "Usiwe bubu huko. Mwambie aje mwenyewe."

Matrah, bandari ya jirani, nilifika kwa miguu, nikapanda lori la mchele. Dereva alinisemesha Kiarabu, nikajibu kwa shida. Akacheka: "Zinjibari! Maneno yako yanaogopa kutoka?" Nikanyamaza mpaka Sib, vumbi likitujaa machoni.

Sib, nilimkuta mjomba amebeba gunia la tende. Amekonda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakwambia nipo hapa?"

Tulikaa kivulini, nikamuuliza mwisho wa hadithi.

"Hakufika. Aliganda kwenye barafu."

Sikuelewa. Sisi tuliijua barafu ya ukwaju, ya kumumunya njiani, na Zuwena akisema atahamia nchi ile ya kitabuni, yenye barafu tele.

"Si barafu ile," akasema mjomba. "Sikuwa na neno jingine. Ile yao hukata vidole."

"Na mwenyewe aliyeandika?"

"Yeye alikwenda kweli kuchimba dhahabu. Akarudi fizi zinatoka damu, mfukoni hana kitu. Ndipo akakaa kuandika."

"Twende nyumbani, mjomba."

"Nije na nini? Mwalimu mzima, huku nabeba tende."

"Na yeye alirudi na nini?"

Mjomba alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. "Umeanza lini kusema, wewe?"

Lori likapiga honi. Alinisindikiza, akashika ubao wa nyuma, nikadhani anapanda. Akauachia. "Mwambie Zuwena alifika."

Maskati niliingia kabla lango la mji halijafungwa. Zuwena alijiinua kitandani.

"Alifika?"

"Mjomba kasema alifika."

Akaangalia mlangoni, nyuma yangu. "Basi mbona yeye hajafika?"

Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kumvusha mwenzake nchi nzima ya barafu, naye mwenyewe akashindwa kupanda lori la kumleta kwa dada yake, mama yetu.