Picha Niliyompelekea Afisa wa Ujenzi

Mkitaka kucheka, chekeni tu, maana hata mke wangu bado anacheka.

Jirani yangu hapa Komarock, Mama Achieng, aliomba kibali cha kaunti ageuze nyumba yake iwe ya wageni wa kulala. Tangazo la ombi lilipobandikwa kwenye geti lake, mimi, mwenyekiti wa wakaazi, niliwaka. Wageni wa usiku mmoja, katika mtaa wa watu wa kanisa? Nilizunguka mlango kwa mlango nikikusanya sahihi za kumpinga na kuhubiri kwamba sheria ni sheria. Mama Achieng hakubishana. Alisema tu, "Baba Wekesa, wacha kaunti iamue."

Siku ya ombi kusikizwa katika ofisi ya kaunti nilivaa suti niliyooa nayo. Nikamkabidhi afisa ushahidi wangu, picha kubwa ya rangi iliyoonyesha ua wa Mama Achieng kutoka juu, pamoja na vyumba alivyoanza kujenga nyuma kabla ya kupewa kibali.

Afisa aliitazama kwa muda. "Picha safi sana, mzee. Ulipiga ukiwa wapi?"

"Nyumbani kwangu," nikajibu kifua mbele. "Kwa balkoni ya ghorofa ya tatu."

Akafungua faili lingine, akapekua polepole.

"Kwenye ramani tuliyoidhinisha," akasema kwa upole, "nyumba yako ina ghorofa moja."

Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Aliyekuwa nyuma yangu ni Mama Achieng, mkoba mapajani.

"Baba Wekesa," akasema, "wacha kaunti iamue."