Nyumba Hii Haiuzwi

Habari ya kuuzwa kwa nyumba yangu niliipata kutoka kwa mtu nisiyemjua, nikiwa uani nachuja mawese. Aliingia na dalali mmoja wa mtaa wa Rusimbi, hapa Kigoma, ambaye hata mtoto mdogo anamfahamu. Wakanisalimu vizuri tu. Kisha yule mgeni akainua macho kutazama bati, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akamuuliza dalali kama choo kiko ndani.

Nikamuuliza dalali wanatafuta nini. Akashangaa kweli, hakuigiza.

"Mama, kwani mzee hajakwambia? Nyumba iko sokoni."

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikawaambia watoke. Yule mgeni aliondoka kwa haraka. Dalali alibaki kidogo mlangoni akiniomba radhi, akisema yeye ametumwa tu. Nilijua ametumwa. Aliyemtuma ndiye niliyekuwa namsubiri.

Mume wangu alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Mimi nimezaliwa Ujiji, na tangu ujana wangu nauza mawese na dagaa. Ile nyumba tuliijenga wawili. Mshahara wake ulinunua kiwanja na bati. Biashara yangu ilinunua saruji, milango, na kumlipa fundi kila alipokuja na kilio kipya. Tulihamia haijapigwa lipu, watoto wakilala chumba kimoja na magunia ya dagaa. Hakuna pembe ya nyumba ile ambayo sikuigombania. Leo watoto wamekwenda zao, mmoja Mwanza, wawili Dar es Salaam, na chumba cha nyuma amepanga mama mmoja aliyekuja na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mdogo. Anashona nguo za shule.

Mume wangu aliporudi jioni nilimwekea chakula kwanza. Nilitaka asiseme baadaye kwamba nilimpigia kelele ana njaa. Alipomaliza kunawa nikamwambia wageni wake walikuja. Akasema alitaka kwanza ajue nyumba inaweza kufika bei gani, halafu ndipo aniambie. Alitaka kurudi Kasulu, kwenye ardhi ya baba yake. Mjini amechoka. Mtu akishastaafu hapa, alisema, hata waliokuwa wakimwamkia wanapita kama hawamwoni.

Ningeweza kumwonea huruma kwa hilo. Lakini nilichosikia mimi ni kwamba dalali alijua, na watu wanaokaa na dalali kijiweni walijua, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikujua.

"Ungeniambia lini?" nikamuuliza. "Siku ya kupakia vyombo?"

Akaanza kuongea Kiha, lugha ya kwao, kama afanyavyo akibanwa. Nikainuka nikaenda kuosha masufuria.

Tangu hapo wanunuzi wakawa wanakuja. Nasema wanunuzi, ila walikuwa watazamaji. Soko lilikuwa limelala. Ukipita mitaa ya kwetu hadi Kasingirima ulikuta kuta zimeandikwa nyumba inauzwa, na maandishi mengine yalishapauka kwa jua wenyewe wakiwa bado ndani. Waliokuwa na nyumba karibu na ziwa, maji yalipopanda, walitaka kuuza kwa bei yoyote, na bei yao ikatuvuta chini hata sisi wa juu ambao maji hayajatufikia. Dalali alimweleza mume wangu yote hayo, akamshauri asubiri. Yeye hakutaka kusubiri. Akapunguza bei. Baada ya muda akapunguza tena. Mara zote mbili nilizisikia sokoni, kwa wanawake wenzangu, wakinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Mama mmoja alikuja na mumewe, akafungua kabati langu la vyombo bila kuomba ruhusa, akasema jiko hili limejengwa kizamani. Mwingine alivuta pazia la chumba chetu cha kulala. Nilikuwa nafuata nyuma yao nikifunga walichofungua. Mpangaji wetu naye akaacha kuchukua kazi za muda mrefu. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia kwa upole kwamba hapendi kushika vitambaa vya watu wakati hajui atalala wapi mwezi ujao. Hilo liliniuma kuliko kabati. Mtu ametulipa kodi yake kwa heshima miaka yote, halafu tunamweka hivyo.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, mtu mwenye fedha kweli. Mume wangu aliniomba nimpikie. Nikapika samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese, na ugali wa muhogo, kwa sababu mgeni ni mgeni. Walikula sebuleni. Nilikuwa naondoa sahani nilipomsikia akieleza kwamba yeye nyumba haihitaji, anachotaka ni kiwanja. Hii, alisema, itabomolewa kwa siku mbili tu, ajenge vyumba vya biashara. Hivyo hawezi kulipia kuta.

Na mume wangu akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, nakiri, kilikuwa kile cha mtu anayejipendekeza kwa mwenye fedha. Lakini alicheka, akasema ni kweli, kuta zenyewe zimezeeka.

Nilibeba sahani hadi uani, nikaziweka chini. Stoo kulikuwa na rangi iliyobaki tulipopaka geti. Niliichukua pamoja na brashi, nikatoka nje nikasimama mbele ya ukuta wa barabarani, mgeni angali ndani, nikaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwandiko wangu si mzuri. Nafasi iliniishia, herufi za mwisho zikabanana kwenye kona. Watu walisimama kutazama na hakuna aliyenizuia. Mfanyabiashara alipotoka alisoma, akamtazama mume wangu, akaingia kwenye gari lake.

Siku zilizofuata mume wangu hakwenda kusali jumuiya, wala hakupita barabara ya mbele. Alizunguka kwa nyuma kama mwizi. Mwanangu mkubwa alipiga simu kutoka Mwanza kunilaumu. Alisema nimemwaibisha baba yao mbele ya mtaa mzima, na mambo ya nyumbani huzungumzwa ndani.

"Ndani nilikuwepo mimi," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyeanza kuyatoa nje."

Akasema basi mama, shikamoo, akakata.

Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akatuita. Mume wangu ndiye aliyekuwa amekwenda kwake kunishtaki, akidhani nitaamriwa nifute ukuta. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kuhusu ardhi ya Kasulu, kuhusu mnunuzi aliyekimbia. Kisha akamweleza kwamba nyumba ya mume na mke haiuzwi bila mke kuridhia, na kwamba hata angepata mnunuzi, yeye asingekubali kushuhudia mauziano hayo. Halafu akamuuliza swali moja tu.

"Mzee wangu, ulimuuliza mama?"

Mume wangu alitazama mikono yake. Akasema hapana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Zikapita siku nyingi. Alasiri moja nilikuwa napembua dagaa, akavuta kigoda akakaa karibu, akaanza kupembua na yeye, vibaya, akiacha mchanga. Akaniuliza kama ningekubali angalau kwenda kupaona Kasulu.

Tulikwenda. Sijawahi kusema uongo kuhusu Kasulu na sitauanza hapa. Kule kuna baridi nzuri, maharage yanastawi, na wifi yangu alitupokea kwa moyo wote. Nilikaa nyuma ya nyumba yao asubuhi nikiota jua, nikajiona naweza kuishi pale. Naweza kufuga. Naweza hata kuuza mawese, maana ya Kigoma huko yanapendwa. Ndipo hasira ikanishika upya, kali kuliko ya siku ile ya dalali. Kama angekaa kwenye kigoda kile tangu mwanzo akaniuliza, huenda ningesema ndiyo. Tungesubiri bei ipande, tukauza kwa mtu wa kuishi ndani, si wa kubomoa. Alichotuharibia si heshima yangu peke yake.

Nilimwambia hivyo kwenye basi tukirudi, kwa sauti ya chini kwa sababu watu walikuwa wengi. Hakubisha. Akaniuliza tufanye nini sasa.

Nikamwambia kwa bei ya sasa sisaini. Soko likiamka, tutakaa wawili na kuzungumza, na mnunuzi wa kwanza kugonga ukuta wangu atakuwa nimemkaribisha mimi. Yeye kama anaona kulima hakungoji, aende.

Akaenda. Alichukua godoro, majembe mawili na redio. Mpangaji wetu nilimpa neno langu kwamba hataondolewa kabla ya kumaliza mwaka, na asubuhi iliyofuata alikuwa na vitambaa vya shule nzima mezani. Mume wangu hupiga simu jioni. Hunieleza mvua ilivyonyesha, na nani amefariki, na kwamba maharage yameota. Mimi humweleza bei ya dagaa. Juzi aliniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, na nikamuuliza kama amekula.