Mavyaa Ataka Kuandikiwa

Nilipoolewa nilitoka Mambrui nikaja kukaa Muyeye, nyumba moja na mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Safari yenyewe si ndefu, lakini mimi ilinishinda. Kwetu tulikuwa wasichana wanne chumba kimoja, maneno hayaishi mpaka mtu asinzie yakiwa mdomoni. Muyeye nilikuwa na mume aliyetoka alfajiri kwenda kazini hotelini, na mavyaa ambaye baada ya shikamoo sikujua nimwambie nini tena. Nikawa nalia nikikuna nazi, na nikiulizwa nasema ni moshi.

"Moshi, na jiko halijawashwa?" mume wangu aliniambia siku moja. Kesho yake akarudi na daftari na kalamu. "Ukiona haya kuniambia mimi, andika humu. Mimi sitalifungua."

Nikaandika. Niliandika kwamba jogoo wa jirani hana adabu. Niliandika kwamba dada yangu mdogo sasa analala peke yake kwenye kitanda changu na bila shaka anafurahi, na hilo likaniuma. Sijui ilikuwaje, lakini nilipofika chini ya ukurasa nikasikia njaa ya kweli, nikaenda kula wali uliobaki. Tangu hapo kila baada ya sala ya alasiri nikawa natandika mkeka uani na daftari langu.

Mavyaa alivumilia siku chache tu. Utotoni alisoma chuoni na Kurani akaihitimu, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Akaja akaketi kando yangu.

"Waandika nini, mwanangu?"

"Mambo yangu tu, Mama."

"Nisomee."

Nikasoma habari za jogoo, akacheka. Nikafika mahali nilipomtaja yeye, nikaruka.

"Mbona macho yamekwenda chini na mdomo umebaki juu?" akasema. "Soma yote."

Ningefanyaje? Nikasoma: "Mama huniita kila nikiketi. Nadhani hungoja nikae ndipo akumbuke chumvi."

Nikatamani ardhi inimeze. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Ni kweli," akasema. "Nikikuona umekaa kimya nadhani walia. Ndiyo maana nakuita, usipate nafasi." Akajisogeza karibu. "Haya, geuza ukurasa. Na mimi nina yangu. Andika: mke wa mwanangu, mchuzi wake ni kama maji ya kuoshea samaki."

Nikaandika huku kalamu inaruka kwa kicheko.

"Umeyatia hayo maji ya kuoshea samaki? Nisomee nisikie."

Siku ile alinieleza alivyoletwa yeye kwenye nyumba ile akiwa mwari, akawa akijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa ili alie. "Sikuwa na daftari," akasema. "Nilikuwa na shuka."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Alasiri naandika yangu, kisha yake. Mchuzi wangu ukawa mzito, na nikiketi akaniacha niketi. Baadaye akataka nimfundishe herufi zenyewe, maana alisema namfupishia maneno yake. Alijifunza kwa kipande cha mkaa, akichora kwenye ukuta wa jikoni.

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini akakuta ukutani, kwa herufi kubwa zilizopinda: NIMECHOKA. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Ni nani aliyechoka?"

"Mimi," mamake akajibu kutoka uani, amejinyoosha mkekani. "Nimeandika mwenyewe, sikusaidiwa. Leo hatupiki. Nenda katununulie mahamri, na urudi upesi, mkeo naye ana njaa."

Akaenda mbio, hata viatu vya kazini hakuvivua.