Kengele ya Friza ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, ana friza kubwa ya samaki pale soko la Feri. Akishaifunga anarudi Kariakoo, kwa mwanawe anayeuza vitenge, lakini roho inabaki kwenye samaki. Mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki. Nikamwambia, "Mama, nitafanya friza ikuite yenyewe ubaridi ukipungua."

Nikatengeneza vifaa viwili, kila kimoja na laini yake ya simu na programu yake. Cha Feri kinapima ubaridi, cha Kariakoo kina kengele. Waya si kazi. Kazi ni kuvifanya vielewane: kipi kianze, kingoje muda gani, kifanye nini kisipojibiwa. Cha Feri kikiuliza UPO, cha Kariakoo kinajibu NIPO, ndipo habari ya ubaridi inatumwa. Kisipojibiwa kinauliza tena, na tena. Siku vilipoelewana mezani kwangu nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kengele nilitaka ikae ghorofani wanakolala. Mke wa huyo mwanawe, ndugu yangu, akasema hataki makelele ndani kwake, basi ikakaa dukani, chini yao. Sasa mtaa ule, kwa hofu ya moto, hakuna anayefunga duka bila kuzima meni swichi, ile ya umeme wote. Nikasema niweke betri. Ndugu yangu akang'aka: "Betri kwenye vitenge? Unataka uniunguzie duka?" Mwisho akaahidi mbele ya mama yake kwamba atazima taa na feni, meni ataiacha.

Ijumaa moja, baada ya watu kufunga, mota ya friza ikaungua. Asubuhi mama mkubwa alikuta maji yametapakaa na jodari wamelegea, wananuka. Alinipigia analia. Nilipofika Feri alikuwa ameshaondoka, na kwenye kioo cha kifaa changu neno lilikuwa moja tu: UPO.

Nikaenda Kariakoo. Ndugu yangu ndiyo kwanza anafungua duka, mama yake amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," aliitika bila kunitazama.

Nikamgeukia ndugu yangu. "Jana ulizima meni?"

"Mi nizime meni? We si ndo ulikataza? Mitambo yako mibovu, kubali tu yaishe."

Akaingia ndani, akawasha umeme. Kifaa kwenye kaunta kikawaka taa nyekundu, kikatafuta mtandao, na baada ya muda mfupi kengele ikaanza kulia. Ililia kwa nguvu mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Ndiyo kwanza ilikuwa imepata habari ya samaki waliokwisha kuoza.

Hakuna aliyehitaji fundi kuelewa. Ndugu yangu alichomoa waya, akaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. Mama mkubwa alimtazama mwanawe muda mrefu, na niliona kabisa kwamba ameelewa. Nikangoja aseme neno.

"Kakitoe na kile cha Feri," akaniambia mimi. "Sitaki tena mambo ya mitambo. Ilikuwa ni bahati mbaya."

Nina uchungu, sioni haya kuusema. Mtaani bado wananiita fundi aliyeozesha samaki, na mama mkubwa yupo, anasikia, hajawahi kuwasahihisha.