Beseni la Udongo

Sikuwa na haki ya kumpigia kelele mama yangu akiwa eda. Naliandika hili kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea najua sana.

Baba alifariki Maparoni msimu ambao maji ya mto yaliingia mpaka ndani. Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe, miezi minne na siku kumi, hatoki. Ila nyumba ile haikukalika tena. Shehe akasema aje kwangu Kibiti. Kwangu ni chumba na sebule, ghorofani, juu ya duka la mabati. Mama akalala sebuleni. Chumbani nilikuwa na siri yangu.

Mwanangu alikuwa ametoka kuharisha wiki nzima, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu mchicha wa kuuza ukisuuzwa mtaroni. Niliwaka! Nikaapa hatakula tena mchicha wa mtu. Shamba sina, na mwenye nyumba alishasema wazi: humu ndani hataki mimea, maji yakipenya sakafuni yatashukia kwenye mabati yake, na mwenye kosa atafungasha siku hiyo hiyo. Basi nikafuata maelekezo ya kwenye simu. Pipa dogo la plastiki, mfuniko nikautoboa mashimo, kila shimo mche mmoja umeshikwa na kipande cha sponji la godoro. Udongo hakuna. Mizizi inaning'inia ndani gizani, na kila baada ya dakika chache pampu ndogo inaipulizia ukungu wa maji yenye mbolea. Taa juu, pazia mbele. Mchicha ukatoa majani mapana kama kiganja changu, nikajiona mhandisi.

"Kinacholia shii-shii chumbani ni nini?" mama aliniuliza.

"Dawa ya mbu, mama. Inajipuliza yenyewe. Usiingie, itakubana kifua."

Mwanamke aliyelima mpunga tangu hajavunja ungo, nilimwacha kutwa sebuleni hana cha kushika, na shamba liko nyuma ya mlango.

"Nipe hata mchele nichambue," alikuwa akisema.

"Umeshauchambua mara tatu."

"Basi uchafue, niuchambue tena."

Nilicheka, nikaenda zangu kwenye kibanda cha fotokopi stendi. Mtoto nilimwachia yeye.

Siku moja mtoto akatambaa chumbani mpaka nyuma ya pazia, mama akamfuata. Akafunua mfuniko, akaona mizizi myeupe iko hewani. Mtu mwingine angeteremka kuchota udongo. Mama hatoki. Akafungua mlango, akamwita jirani wa chini amsaidie beseni la udongo. Jirani wa chini ndiye mwenye nyumba.

Niliporudi nilimkuta mwenye nyumba chumbani kwangu, kajishika kiuno, beseni liko miguuni. Pipa limejaa udongo mpaka mdomoni, pampu imekufa, maji ya matope yanatambaa sakafuni.

"Mama mtoto! Kumbe hapa ghorofani ndiyo dungu lako la kulindia shamba? Nyani umeshafukuza wangapi?"

Nilimgeukia mama, kwa sababu mama ndiye niliyemweza.

"Umeniharibia! Nani kakwambia uguse? Hapa si Maparoni! Sasa tunafukuzwa, eda yako utaimalizia barabarani?"

Mwanangu akaanza kulia. Mama alikuwa amechuchumaa, udongo umemjaa mpaka viwikoni. Tangu tumzike baba sikuwa nimeiona mikono ya mama ikifanana na mikono yake mwenyewe.

"Mizizi ilikuwa inaning'inia, mwanangu," akasema taratibu. "Nikajua kazi zimekuzidi, hujapata wa kukuletea udongo."

Mwenye nyumba alinitazama mimi, si pipa.

"Wewe ningekutoa leo leo," akasema. "Lakini mtu wa eda simtoi, sitaki kwenda kuulizwa na Mungu. Akimaliza tutazungumza." Kisha akamgeukia mama, sauti ikashuka. "Dada, ukitaka udongo mwingine uniite."

Nilideki. Pipa nikaliteremsha. Mama akaokoa miche mitano, akaipanda kwenye beseni lile lile, akaliweka dirishani na sinia chini yake lisivuje. Mwenye nyumba akija huuliza mchicha umeamkaje. Mimi na mama tu ndio tunaokumbuka kwamba ulikatazwa.

Na mimi nimekaa. Nalala chini ya paa ninaloazimwa kwa sababu mama yangu amefiwa, na yeye ndiye niliyemtishia kulala barabarani.

Jana alikuwa anaimwagilia miche kwa kikombe cha mtoto. "Zimebaki siku ngapi," akaniuliza bila kugeuka, "nikuondolee uzito?"

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, ninalo mdomoni tangu siku ile.

"Bado nyingi, mama," nikasema.

Zimebaki tisa. Naye anajua kuhesabu.