Ng'ombe Wawili Aliobaki Nao Mageni

Mageni alikuwa tarishi wa baraza la mtemi upande wa Samuye kwa miaka kumi na mmoja. Baraza lilikuwa hilo hilo moja kwa kila jambo: asubuhi mwizi wa mbuzi, mchana mke na mume. Ada za wadai na faini za wakosaji ziliingia katika hazina ya utemi, na mshahara wake ulitoka humo. Kusema kweli alikula ugomvi wa majirani zake, wala hakuona aibu.

Mwaka 1951 dada yake, Limi, aliachana na mumewe, Bujiku. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo Mageni ndiye aliyerudisha ng'ombe wa mahari. Walikuwa kumi na wawili. Bujiku akapokea kumi, akasema, "Wawili baki nao, shemeji." Mageni akashukuru sana, akidhani shemeji amemhurumia kwa ng'ombe wake mwenyewe waliokufa kwa sotoka, ugonjwa wa mifugo. Mtu anayesikiliza mashauri kila siku akasahau jambo ambalo kila Msukuma analijua: ng'ombe wanaoachwa ni wa mtoto; baba akiwaacha, mtoto anabaki wake. Tamaa ilimziba macho.

Mwaka uliofuata Bujiku alilipa ada, akafungua shauri kumdai Mbuke, binti yake na Limi wa miaka sita.

"Ulibaki nao wawili?" wazee wa baraza walimuuliza Mageni.

"Nilibaki nao."

Akasema atawarudisha siku ile ile. Wakamwambia amechelewa, mtoto ni wa Bujiku. Limi akakata rufaa kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mjini Shinyanga, naye akasoma kitabu cha karani, akakubaliana na baraza.

Amri ya kumchukua mtoto akapewa tarishi, na tarishi alikuwa mmoja tu. Wapo wanaosema wao wangekataa. Ni rahisi kusema, ukiwa huna watoto watano wanaongoja ugali.

Limi alimwona akija na sare yake ya kaki. Alikuwa amekwisha kumvisha Mbuke gauni na kumfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Karatasi ya amri ilitaka alama ya mama. Limi hakunyanyua mkono. Mageni akaushika mwenyewe, akakipaka kidole gumba wino, akakikandamiza pale chini.

"Mjomba, mama atakuja lini?" Mbuke aliuliza walipofika barabarani.

Mageni alichuchumaa. Akambeba mgongoni, akalia njia nzima mpaka kwa Bujiku, na mtoto akawa anampangusa machozi kwa kiganja, akimwambia anyamaze.